Mita Kumi Nyuma ya Mfamasia

6 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba anakusalimu, sote wazima wa mwili. Salamu zimeisha, sasa nisikilize, maana hili jambo nimekaa nalo wiki tatu na linanikaba.

Nimeitwa mdanganyifu. Mimi! Jina langu limebandikwa kwenye ubao wa klabu, pale karibu na orodha ya zamu za usafi: "Ameondolewa. Kujikinga upepo." Kila anayekwenda kubadilisha nguo analisoma. Juzi mteja wangu mmoja, naye ni mwanachama, kaniletea vipimo vya madirisha yake, akaniuliza huku anacheka, "Na mapazia nayo unapima kwa haki kweli?" Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa namchana kwa mkasi.

Wewe haya mashindano yetu ya michezo mitatu hukuwahi kuyacheza, kwa hiyo nikueleze. Unaogelea kilomita moja na nusu, unatoka majini, unapanda baiskeli kilomita arobaini, unashuka, unakimbia kumi. Sisi wa ridhaa kila mtu anatakiwa apambane na upepo wake mwenyewe. Lazima uache mita kumi kati yako na aliye mbele. Ukipitwa, ni wewe uliyepitwa unayetakiwa kurudi nyuma mpaka mita kumi zipatikane, hata kama aliyekupita anajikokota. Mwamuzi anazunguka na pikipiki. Klabu yetu haina onyo, akikushika unaondolewa.

Sasa sikia. Kuna Mfamasia, duka lake linatazamana na karakana yangu ya mapazia. Rafiki yangu. Miaka mitatu tumefanya mazoezi pamoja kila Jumamosi, mimi mbele, yeye nyuma. Desemba, kilomita ya thelathini, akanipita, akaingia mbele yangu, halafu akalegeza. Akalegeza, Shangazi! Mimi nikashikilia mwendo wangu, maana kurudi nyuma ya yule mtu sijawahi, sijui hata kunafanywaje. Haikupita nusu dakika, pikipiki hii hapa, kadi nyekundu. Yeye akaenda zake na akachukua nafasi ya pekee ya wanawake wa miaka arobaini na kuendelea kwenda mashindano ya klabu zote. Hata kugeuka hakugeuka.

Tarehe kumi na nne Juni kuna mchujo mwingine. Nataka nimkomeshe kwenye baiskeli, mbele za watu, na jina langu lisafike. Wewe ulikuwa mwendeshaji wa mbio kabla masikio hayajakuacha. Nifundishe. Najua simu huwezi na ujumbe wa simu hutaki, ndiyo maana nimehangaika kutafuta stempu.

Binti wa kaka yako

*

13 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Umesema kweli, simu kwangu ni kigae. Watu wananiambia, basi tuma ujumbe. Herufi zenyewe ndogo kama chawa! Barua naishika mkononi, nairudia ninavyotaka.

Ngoja nicheke kidogo kwanza. Miaka mitatu ulikuwa ukuta wa mtu, halafu unamwita rafiki. Anayekaa mgongoni mwa mwenzake anapumzika huku anasafiri. Wewe ulikuwa unakata upepo wa watu wawili, yeye anahifadhi miguu yake. Watu wa aina hiyo nawajua kuanzia kisogo mpaka unyayo. Hawana haya.

Haya, kazi. Panda baiskeli ukiegemea meza yako ya kukatia, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti likinyooka, kiti kiko sawa. Likikunjika, inua kiti. Nyonga zikicheza, shusha. Naapa kiti chako kiko chini, nyote mnaoendesha kwa kujipendea viti vyenu viko chini.

Wiki sita za kwanza ni mwendo wa pole, siku nne kwa wiki. Nikisema pole ni pole. Imba wimbo mzima unapoendesha. Pumzi ikikatika katikati ya ubeti, umezidisha. Gia nyepesi, goti la kulia lipande mara tisini kwa dakika, hesabu. Mna ugonjwa mmoja nyinyi: siku ya pole mnakimbizana, siku ya nguvu ikifika mmechoka. Yule mtu akikupita barabarani, mwache apite. Akikupungia mkono, mpungie. Hasira yako itunze, tutaihitaji.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimeimba mpaka nimewachosha watu wa barabara nzima. Mzee mmoja mwenye trei za mayai nyuma ya baiskeli alinipita kwenye kilima, akageuka akaniambia, "Pole, mwanangu, utazoea." Mayai hata hayakutikisika.

Siku za mvua nimefunga baiskeli kwenye stendi ya mazoezi katikati ya karakana, kati ya rundo la vitambaa na mashine ya kushonea pindo, nakanyaga bila kwenda popote. Mteja aliingia akanikuta nachuruzika jasho, naimba, akauliza kama arudi kesho. Kiti kilikuwa chini kweli, nimekiinua vidole viwili. Huo uchawi umeutoa wapi?

Nikiri jambo moja. Jumamosi iliyopita Mfamasia alinipita, na nilimfukuza. Kilomita tano tu. Nilimshika, na Jumapili sikuweza kushuka ngazi. Usinifokee.

Sasa ana mwalimu. Mama yake amehamia kwake. Anakuja na kofia nyeupe na filimbi shingoni, anasimama kwenye kona ya barabara ya mazoezi, binti akipita anapuliza. Tunamwita Mama Filimbi. Wanasema zamani naye alikuwa wa mbio. Mtu mzima, ana kovu refu shavuni, hacheki na mtu. Ninapopita mimi anaiondoa filimbi mdomoni na kunitazama.

Binti wa kaka yako

*

25 Februari

Mwanangu,

Kovu liko shavu gani? Linaanzia wapi na linaishia wapi? Jibu siku utakayoipata hii.

Shangazi yako

*

1 Machi

Shangazi,

La kushoto. Linaanzia kwenye kona ya mdomo, linaishia chini ya sikio. Unamjua?

Binti wa kaka yako

*

6 Machi

Mwanangu,

Kuimba kumekwisha.

Jumanne: tafuta kilima cha dakika nne. Panda kwa nguvu ya kukunja uso, shuka pole, panda tena. Mara tano. Wiki ijayo sita, mpaka ufike nane. Ukitapika, futa mdomo uendelee. Alhamisi: dakika ishirini mara mbili kwa mwendo ambao unaweza kusema maneno mawili tu, la tatu likukwame. Jumamosi: kilomita sitini, kumi na tano za mwisho kwa mwendo wa mashindano, na ukishuka usikae, vaa viatu ukimbie dakika ishirini. Miguu itakuwa kama ya mtu mwingine. Kimbia nayo hivyo hivyo.

Inama chini juu ya usukani. Kidevu karibu na mikono, viwiko ndani. Mgongo ukiuma, uache uume.

Uliniuliza kama namjua. Nitakwambia wakati wake.

Usiruke hata siku moja. Mimi mwenyewe nimerudi kuendesha uani, nazunguka kisima, ili nikuandikie nikiwa nakumbuka yanavyouma.

Shangazi yako

*

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mara nane nimefika. Kilima kile nilikuwa nakipanda dakika nne na sekunde arobaini, sasa ni nne kasoro kumi. Mzee wa mayai nimempita. Alinipigia makofi, akaachia usukani kabisa, kidogo mayai yaishie barabarani.

Lakini goti lilivimba. Duka la dawa la karibu unalijua. Nilikwenda, nikasimama kwenye foleni nikitazama sakafu. Mfamasia akanipa krimu, akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa: "Nakuona unavyokanyaga mle karakanani. Siku hizi umekaa vizuri." Nikamwambia asante, kwaheri. Akatoka nyuma ya kaunta akanifuata mpaka mlangoni na koti lake jeupe.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. "Siku ile sikukutega. Nilikupita kwa nguvu zangu za mwisho, nilitaka mama anione mara moja tu niko mbele yako. Nilipofika mbele miguu ikakataa. Niliiona kadi. Nilipaswa kwenda kwa mwamuzi nikamwambia, sikwenda. Nafasi ilikuwa tamu. Tangu siku hiyo naogopa hata kuvuka barabara kuja kwako."

 Alikuwa analia, Shangazi, na watu wanasubiri dawa zao. Hasira yangu imepungua. Bado nataka kumshinda, jina langu litoke kwenye ule ubao, lakini nadhani nitamshinda kihalali tu, yaishe. Unasemaje?

Binti wa kaka yako

*

23 Aprili

Mwanangu,

Amekupa krimu ya goti, nawe ukayeyuka. Kumbe hasira yako ilikuwa ya kupaka!

Uliuliza kama namjua mama yake. Sikia sasa. Miaka thelathini na minne iliyopita, mbio za barabarani za wanawake, kilomita themanini. Zetu ziliruhusu kukaa mgongoni mwa mtu, hazikuwa kama hizi zenu. Mbele tulibaki wawili, mimi na yule mwenye kovu. Kona ya mwisho, mita mia mbili kufika, niko nyuma ya tairi lake, najiandaa kumpita. Akashika breki. Barabara kavu, hakuna gari, hakuna mbwa, hakuna shimo. Breki tu! Nikaruka juu ya usukani nikatua kwa kichwa kwenye ukingo wa barabara. Sauti ya mwisho niliyoisikia sawasawa duniani ni mnyororo wa baiskeli yangu ukizunguka bure. Yeye akavuka mstari na mikono juu.

Nililala hospitali wiki tano nikitazama mlango. Hakuja, hakuandika, hakutuma mtu. Nilikuwa na mchumba aliyekuwa na sauti nzuri, kila jioni ananiimbia. Naye akachoka kuimbia ukuta. Ndivyo ulivyompata shangazi anayenyoosha rimu za baiskeli za watu peke yake.

Na leo binti wa mtu huyo anakwambia miguu ilikataa! Ukoo ule ule, breki ile ile. Mama kamfundisha.

Hatumshindi tu. Tunamrudishia. Kwenye ramani uliyonitumia, kilomita ya thelathini iko ukuta wa kiwanda, baada ya ukuta upepo unakuja wa ubavuni na kila mtu anachoka. Mpite hapo, pikipiki ikiwa nyuma yenu. Ingia mbele yake, halafu legeza kidogo kidogo, asitambue. Usishike breki, sisi si wauaji. Legeza tu. Umemlea mgongoni miaka mitatu, atakaa hapo kama mtoto kwenye mbeleko. Nataka jina lake lisomwe kwenye spika mama yake akiwa amesimama pale na filimbi yake. Mimi sitasikia. Wewe utanisikilizia.

Kama huwezi, niambie nisipoteze karatasi.

Shangazi yako

*

30 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Nililia juu ya pazia la mteja mpaka likabaki na alama. Miaka yote tunakuja kwako, tunaongea nawe kwa vidole, tunacheka ukikosea kusoma midomo yetu, na hakuna aliyewahi kutuambia! Baba nikimgusia tu anaondoka chumbani.

Naweza. Tena nataka. Nimeshafanya mazoezi ya mtego. Nimefanyia kwa mzee wa mayai, nampita, nalegeza, anajikuta mgongoni mwangu. Mara ya tatu alinigombeza: "Binti, kama unakwenda nenda, kama umechoka shuka!" Sasa najua kulegeza bila bega kuonyesha. Siri ni kuendelea kuzungusha miguu vile vile na kupunguza gia.

Na jana, uniwie radhi, nilishindwa kujizuia. Mama Filimbi alikuwa kwenye benchi la bwawa anashikilia taulo la binti yake. Nikampa vidonge vyake mbele ya wote. Nikamwambia, "Shangazi yangu ni yule uliyemfanya kiziwi kwa breki yako, ukanyanyua mikono." Sura ilimshuka. Nilidhani atakana. Akauliza tu, "Anakaa wapi?" Nikamwandikia anwani yako nyuma ya lebo ya kitambaa, nikamwambia kama ana roho aandike. La tarehe kumi na nne sikumgusia.

Wiki mbili zimebaki. Miguu ipo tayari. Niandikie neno moja la mwisho kabla ya siku yenyewe.

Binti wa kaka yako

*

5 Juni

Kwako,

Sijui niweke salamu gani, kwa hiyo siweki.

Binti wa kaka yako alinisema mbele ya watu kwenye bwawa. Sikumjibu kwa sababu alilosema ni kweli. Nilishika breki. Kwa makusudi. Sijamwambia mtu hata mmoja, hata binti yangu.

Lakini amesimuliwa nusu. Hakuambiwa kwamba kilomita sitini nzima ulikaa mgongoni mwangu. Asubuhi ile tulikubaliana, tukisaidiana kubandika namba, kwamba tutapokezana upepo, kilomita moja mimi, moja wewe, na mwisho mwenye nguvu ashinde. Kila nilipokunyooshea kiwiko uje mbele, ulisema tumbo linakusokota. Nilikuhurumia. Nilikupa maji yangu. Kwenye kona ile nikasikia umebadili gia, nikajua tumbo limepona. Nikaona giza. Nilitaka uanguke, uchubuke magoti, uchechemee wiki nzima watu wakuone. Masikio yako sikuyataka.

Hospitali nilikuja siku ya tatu. Kaka yako alinizuia mlangoni, akasema akiniona tena atanivunja. Niliandika barua mbili, zote zikarudi. Nikaacha. Nikiri kuwa kuacha kulinipa nafuu.

Sikuombi unisamehe. Naomba jambo moja tu. Binti yangu si mimi. Alilofanya Desemba lilikuwa uchovu na woga, na alilisema mwenyewe mlangoni mwa duka. Yule binti wa kaka yako ananitazama kwa macho ninayoyajua, niliyaona kwenye kioo siku ile. Kama umempangia kitu, kitoe. Siku bado zipo.

Yule wa breki

*

15 Juni

Shangazi!

Shikamoo, na kaa chini. Tumelipiza!

Majini nilitoka dakika mbili nyuma yake. Kwenye baiskeli nikaanza kumla taratibu, kilomita moja baada ya nyingine, viwiko ndani, mgongo unawaka. Ukuta wa kiwanda ulipoisha, huyo hapo mbele yangu, amejikunja, upepo unamsukuma kama karatasi. Nikasikia pikipiki nyuma. Nikampita kwa nguvu zote za kile kilima chako. Halafu nikapunguza gia, miguu vile vile, bega halikusema neno.

Akakaa. Kama ulivyosema. Sheria anaijua kuliko mimi, lakini alikuwa amechoka na mgongo huu aliuzoea. Nikawa nasikia tairi lake linavyoimba karibu na langu, kama Jumamosi zetu. Na unajua alisema nini? Alisema, "Asante." Kwa sauti ya chini, ya kuchoka. Alidhani namkinga. Nilihesabu mpaka ishirini na tano, pikipiki ikatusogelea, kadi nyekundu ikatoka. Sikugeuka.

Nikakimbia kilomita zangu kumi na nikawa wa kwanza wa rika letu. Kwenye spika wakasoma majina ya walioondolewa, la kwake peke yake. Mama Filimbi alikuwa kando ya mstari. Alivua kofia yake, akaiweka kifuani, akabaki amesimama hivyo. Nilimtazama kwa niaba yako mpaka akainamisha kichwa.

Nafasi ni yangu. Ubaoni jina langu limebanduliwa, lake limebandikwa, karatasi ile ile ya njano. Baba nilipomsimulia hakusema hongera. Wateja wananipa mikono. Nimelala vibaya, nadhani ni uchovu.

Mbona hukuniandikia lile neno moja? Nililisubiri mpaka Jumamosi.

Binti wa kaka yako

*

20 Juni

Mwanangu,

Nimefunga humu barua ya mama yake Mfamasia. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Ni kweli. Tumbo halikuwa na kitu. Nilijua yeye ana nguvu kuliko mimi kwenye upepo na kwamba kwa haki sitamshinda. Maji yake niliyanywa. Miaka thelathini na minne nimejisimulia habari ile kuanzia kwenye kona, kamwe si kabla yake, mpaka nikaamini mbio zenyewe zilianzia hapo. Kuhusu kuja kwake hospitali sikujua. Hilo muulize baba yako.

Sasa lililo baya zaidi. Barua hii ilinifikia tarehe nane. Posta ya kuja kwenu ni siku tatu. Nilichukua karatasi nikaandika, "Mwanangu, usifanye." Nikaitazama. Nikasema nimalize kwanza rimu ya mteja. Nikainyoosha, spoku moja moja, naigusa kwa ukucha, nasikiliza mtetemo kwenye mfupa wa kidole kama kawaida yangu. Nilipomaliza, ile karatasi nikaifutia grisi. Tarehe tisa ningeweza kuandika nyingine. Tarehe kumi ningeweza kumpa dereva wa basi, ananijua, anakuja huko kila siku. Hata tarehe kumi na tatu. Sikumpa. Nilitaka jina lile lisomwe. Nilitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji.

Uliponiandikia kwamba alivua kofia, nilifurahi. Nikairudia sentensi hiyo. Ndipo nikarudi juu nikaisoma ile "asante," nikashindwa kuendelea. Mimi kilomita sitini sikumwambia asante hata mara moja.

Nilikutumia. Sina neno zuri zaidi la kuliita. Fanya utakavyoona, kuhusu nafasi, kuhusu kamati, kuhusu mimi. Nitukane, nikaripie, nitasoma yote. Ila usininyamazie. Wateja hunionyesha kwa kidole wanachotaka na kuondoka. Wewe ndiye mtu pekee ninayeongea naye.

Shangazi yako

*

4 Julai

Shangazi,

Baba nimemuuliza. Nilimsomea barua zote mbili. Akasema ni kweli, alimfukuza mlangoni, na zile barua alizirudisha yeye. Alisema alidhani anakulinda.

Jumatatu nilikwenda kwa kamati nikasema nilitega, nikaeleza nilivyolegeza na nani alinifundisha. Wamenifungia mwaka mzima. Nafasi haikurudi kwa Mfamasia. Mwamuzi amesema kutega ni kutega, lakini yeye ndani ya mita kumi alikaa kweli, kwa hiyo lake halifutiki. Nafasi imekwenda kwa mwalimu wa chekechea aliyemaliza wa pili, ambaye alikuwa hajui kinachoendelea na sasa anaona aibu kufurahi. Ubaoni tuko wawili.

Nilivuka barabara. Mama yake alikuwa nyuma ya duka anapanga maboksi, aliponiona akaendelea kupanga. Mfamasia hakunifokea. Aliniuliza kama anavyomuuliza mteja yeyote, "Nikusaidie nini?" Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akasema, "Hiyo hatuna," akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nikifungua mlango wa karakana kila asubuhi tunaonana. Baiskeli yangu nimeigeuza inatazama ukuta.

Langu nalijua na nitalibeba mwenyewe. Nilikuwa na akili zangu timamu, nilihesabu mpaka ishirini na tano. Lakini mwezi wa nne nilikuandikia kwamba yaishe. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake, Shangazi, tulikuwa tumebakiza neno moja tu. Wewe ukanivuta nikarudi, kwa habari uliyoijua kuwa ni nusu. Halafu ukakaa na karatasi siku sita.

Unasema nikutukane ila niandike. Nakujua. Ningekutukana, ungejibu kwa utani, ningecheka, na kabla ya Desemba tungekuwa tunaongelea urefu wa kiti. Hapana. Hii ndiyo ya mwisho. Zako zikija nitazirudisha posta hazijafunguliwa. Najua hakuna mwingine anayekuandikia. Nimelifikiria hilo wiki nzima kabla ya kukaa mezani, na bado nimekaa nikaandika.

Binti wa kaka yako